Siku Niliyomvua Rubani Hedifoni Ndani ya Wingu

Naona haya kuisimulia hii, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko muisikie pale soko la Koboko, maana kila nikipita na vitenge vyangu hakosi mtu wa kunyoosha mikono kama mabawa, wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo, na mimi nacheka nao (nitafanya nini?), ila wao hawakuwa ndani ya lile wingu, mimi nilikuwamo, na mpaka leo nikilikumbuka viganja vinalowa jasho.

Nilikuwa natoka Kampala, nimepasuliwa tumbo, na daktari alikataa kabisa nisipande basi kurudi nyumbani, akasema njia ni ndefu na mshono bado mbichi. Basi mdogo wangu anayeishi huko akanikatia tiketi ya ndege kutoka Entebbe mpaka Arua. Sijawahi kupanda ndege maishani. Dada yangu Poni aliposikia huko Koboko, akakusanya akina mama wa kanisa letu, wakapanga gari waje kunipokea Arua kama mimi ndiye bibi harusi.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, abiria tulikuwa kama kumi hivi, na kati yetu na marubani hakukuwa na hata pazia. Mimi nilipewa kiti cha nyuma, na hapo ndipo nilipojiharibia, kwa sababu nilimwendea mama mmoja aliyekaa mbele kabisa, mgongoni mwa marubani, nikamwambia mshono unaniuma nikikaa nyuma, naomba tubadilishane. Mshono haukuuma. Nilitaka tu kupiga video, Poni aone jinsi ndege inavyoendeshwa. Yule mama akanipisha kwa huruma, tena akanibebea mkoba.

Rubani mkuu alikuwa mwanamume mnene, mkimya. Msaidizi wake alikuwa binti mwembamba ambaye alitusalimia kwa Kilugbara, kisha kwa Kiswahili, akasema kwao ni Ajia, nami nikafurahi kama nimemzaa mimi. Jirani yangu kitini alikuwa Mzee Lado, mfanyabiashara wa kutoka Sudan Kusini ninayemfahamu kwa sura pale sokoni.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri, nikapiga video mpaka mkono ukachoka. Halafu tukaingia kwenye wingu. Nilidhani tutatoka upesi kama gari linavyopita kwenye vumbi, lakini hatukutoka, nje kukawa kweupe tu, kweupe kama maziwa, hata ncha ya bawa sikuiona, na ndege ikawa inatikisika kama ungo unaopepetwa. Nikawatazama marubani ili nijipe moyo, na hapo ndipo hofu ilipoingia vizuri, kwa maana hakuna aliyekuwa anatazama mbele. Wote wawili wameinamia yale masaa yao ya kupimia na vioo vyao, mara huyu agusa kitufe, mara yule aongea taratibu kwenye hedifoni, na kule mbele hakuna jicho hata moja.

Nikamgusa Mzee Lado. Nikamuuliza, "Mzee, kama ndege ingine iko nakuja, nani naona?"

"Mimi sijui, mama," akasema, macho kayafumba. "Mimi nikipanda nalala tu."

Hilo jibu lilinimaliza. Niliomba, nikarudia, maneno ya sala yakanipotea katikati. Nikawa namtafuta mtu wa kuuliza na waliojua wamenipa migongo.

Ghafla wingu likapasuka kidogo, kama mtu amechana shuka, na katika ule mchano nikaona ndege. Kubwa, nyeupe, inakatiza juu yetu, na kwa macho yangu mimi ilikuwa inatujia. Marubani bado wameinama. Nikajua hawajaiona, na kwamba katika watu wote mle ndani, mimi ndiye nimeona, na nisipofanya kitu tutakufa.

Nikafungua mkanda. Nikajitupa mbele nimshike rubani bega nimwonyeshe, na ndege ikadunda wakati uleule, basi nikaangukia katikati yao wawili, mkono mmoja ukaivua hedifoni ya rubani mkuu kichwani, kiwiko kikang'oa waya wa yule binti, na mimi napiga kelele, "Ndege! Ndege!".

Rubani mkuu hakunitazama. Alinisukuma kwa mkono mmoja tu, mwingine haukubanduka kwenye usukani. Binti akawa anapapasa chini akiutafuta waya kwa haraka. Hapo nikaelewa kwamba nimeharibu kitu kikubwa, nisichokijua ni nini. Mzee Lado, ambaye sasa macho yalikuwa wazi kabisa, alinivuta gauni nikarudi kitini.

Binti akauchomeka waya, akaongea kwenye kipaza sauti, akasikiliza, akajibu. Kisha akageuka.

"Mama, kaa chini. Funga mkanda. Usisimame tena."

Baada ya hapo tulizunguka mlemle ndani ya weupe, tukazunguka tena, na kila ndege ilipoinama nilijua ndiyo mwisho na ni mimi niliyeleta. Yule mama aliyenipa kiti alikuwa analia nyuma yangu. Gauni langu lililowa, na tafadhali msiniulize kwa nini.

Tulipotua Arua nilitamani ardhi ya uwanja inimeze. Askari wawili walikuwa wananingoja chini ya ngazi. Na kule kwenye uzio, Poni na akina mama wake wa kanisa, walipoona natembea katikati ya askari, wakadhani nimepewa ulinzi wa heshima, wakapiga vigelegele, wakaimba jina langu, wakatufuata kwa nje hatua kwa hatua mpaka mlango wa ofisi, na mimi nimejifunika mkoba mbele.

Askari waliniuliza maswali mengi, nikajibu kwa kulia. Mwishowe yule binti wa Ajia akaja. Nilidhani atanitukana. Akavuta kiti, akanieleza polepole kwamba marubani wakiwa ndani ya wingu hawaoni nje, wala hawategemei kuona, kuna mwongoza ndege aliye chini, anajua kila ndege iko wapi na kimo gani, na yeye ndiye anayesema huyu apite juu, huyu asubiri, huyu ashuke sasa, ili zisikaribiane.

Nikasema, "Lakini mimi niliona. Ile ndege ilikuwa pale."

"Ile ilikuwa juu yetu, mama, mbali. Tuliambiwa mapema. Haikuwa na shida." Akasogeza kiti karibu. "Kulikuwa na nyingine chini yetu, inapanda kutoka Arua. Hiyo wewe hukuiona, hata sisi hatukuiona. Tulikuwa tunangoja ruhusa ya kushuka. Ulipong'oa waya, yule mwongoza ndege alikuwa anatuambia tusishuke bado."

Nikamuuliza ingekuwaje kama wangeshuka. Alisema tu kwamba rubani asiposikia hashuki, anabaki kwenye kimo kilekile alichoambiwa mwanzo, na kwamba mkubwa wake alibaki.

Waliniachilia jioni ileile, kwa onyo kali. Njiani kwenda Koboko Poni aliendelea kuimba mpaka nilipomwambia anyamaze, nikamweleza yote.

Nitapanda ndege tena, kwa sababu daktari anataka kuniona. Nitakaa kile kiti nitakachopewa, mikono nimeikalia, na wingu likija nitatetemeka kama kawaida yangu. Lakini sitasimama, hata nione nini, kwa sababu kuna mtu anaongea mle ndani ya masikio ya wale wawili, na safari hii nataka amalize sentensi yake.