Mwalimu wa Kurudia

Katikati ya miaka ya tisini nilifundisha katika chuo kidogo cha Kawangware, ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Kilijiita chuo cha elimu ya jumla, yaani mwanafunzi alipewa falsafa kidogo, historia kidogo, fasihi kidogo, na somo langu, mawasiliano. Sikuwa na shahada. Nilikuwa nimejisomea vitabu vilivyouzwa chini kando ya barabara, vya msingi kwanza, vigumu baadaye. Mkuu wa chuo alinichukua kwa sababu mwenye shahada alikuwa ameondoka bila kuaga.

Somo nililolipenda zaidi ni la kusikiliza. Kanuni yake ilikuwa moja: kabla hujamjibu mtu, mrudishie alichosema, mpaka akubali kwamba umemwelewa. Niliwapa wanafunzi maneno ya kuanzia, wakafanya mazoezi wawili wawili hadi darasa likanguruma kama kinu cha unga. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao, na walijifunza haraka kuliko nilivyotaka. Nikitangaza kazi ya nyumbani, sauti ilitoka nyuma: "Kama tumekuelewa vizuri, mwalimu, unasema kwamba tulete Jumatatu, na kwamba hutaki hadithi za mgonjwa nyumbani."

Mmoja wao alikuwa fundi wa kushona, mama wa miaka kama thelathini kutoka Magharibi mwa Kenya. Aliishi mtaa wa Lindi, Kibera, katika chumba kimoja alimolala na kushonea humo humo. Cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa karibu na ukuta wa udongo, na nyuma ya ukuta huo alikaa mama mzazi wa mwenye nyumba, ajuza wa Kinubi ambaye hakutoka nje mara nyingi.

Jioni moja fundi alibaki darasani wenzake walipoondoka.

"Mwalimu, umeniuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba. Amekuja asubuhi akasema cherehani inamsumbua mama yake, iondoke, ama niondoke nayo. Mimi nikakumbuka somo. Nikamwambia, kama nimekuelewa vizuri, mzee, unasema kwamba cherehani inamsumbua mama yako, na kwamba iondoke, ama niondoke nayo."

"Vizuri."

"Vizuri wapi? Akauliza, unanichezea? Nikamwambia, kama nimekuelewa vizuri, unauliza kama nakuchezea."

Nilijikaza nisicheke. Yeye hakuwa na cha kuchekea. Wateja wake wote walikuwa wa vichochoro vile vile. Akihama, angeanza upya mahali ambapo hakuna aliyemjua, na mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Nilimwambia nitakuja Jumamosi kuzungumza na mzee. Akajibu, "Sawa, mwalimu. Lakini ukifika, usirudie kitu."

Mwenye nyumba alikuwa mtu mrefu, kofia yake nyeupe imepigwa pasi, na maneno yake pia.

"Kumbe wewe ndiye mwalimu wa kurudia," alisema.

"Ndimi, mzee."

"Mimi sina ugomvi na mwanafunzi wako. Ni mtu wa heshima, isipokuwa siku ile. Lakini mama yangu analalamika juu ya hiyo cherehani kila siku. Wewe unafundisha watu kusikiliza, si ndiyo? Basi ingia, kaa na mama, usikilize. Kisha uniambie kama wewe ungeweza kupumzika."

Ombi lilikuwa la haki. Niliwekewa kigoda karibu na kitanda cha mama yake, nikapewa chai yenye tangawizi. Ajuza alikuwa ameegemeza mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Upande wa pili fundi alikuwa na mteja, na ukuta ule haukuzuia chochote. Mteja alikuwa akieleza habari za jirani aliyerudi kutoka mashambani na mke wa pili, akamkuta mke mkubwa amefunga mlango kwa ndani.

"Akabisha," alisema mteja. "Akabisha tena. Halafu mke mkubwa akamwambia kupitia dirisha..."

Cherehani ikaanza. Ajuza akafyonya.

"Umesikia mwenyewe," alisema mwanawe, akatoka kumsalimu mtu aliyemwita mlangoni.

Nilikuwa nimesikia, lakini si alichosikia yeye. Tasbihi ilikuwa imesimama tangu mteja alipoanza kusema, na sasa cherehani iliponguruma shanga zake zilikuwa zikitembea tena.

"Nyanya," nilimwuliza polepole, "hasa kinachokusumbua ni nini?"

Aliangalia mlango kwanza. "Hicho chuma hakina adabu. Hadithi ikifika penye utamu, kinaanza. Tangu juzi sijui kama yule wa harusi alirudisha mbuzi."

"Kama nimekuelewa vizuri, nyanya, si kelele..."

"Umenielewa. Nyamaza, atasikia."

Nilimweleza mwenye nyumba kwamba, kwa maoni yangu, sauti humchosha zaidi mtu asiyeona inakotoka. Mama akae mchana upande wa pili, karibu na fundi, aizoee. Hakuna neno la uongo hapo, ingawa kila neno nililipima kabla ya kulitoa. Mzee alikunja uso, akamwuliza mama yake kama angekubali kusumbuliwa hivyo. Mama alihema, akasema atajaribu, kwa ajili ya amani.

"Wiki moja," mzee alimwambia fundi. "Akilalamika tena, unahama."

Fundi nilimwambia kila kitu nje, kwenye kichochoro. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza kama wateja wangekubali kusema mbele ya mama wa mwenye nyumba. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nilirudi wiki ilipokwisha. Chumba kilikuwa kimejaa. Wateja watatu walikuwa wamekaa kitandani, mmoja akiirudia hadithi ya mke mkubwa tangu mwanzo, na ajuza kwenye kiti kizuri kabisa cha nyumba ya mwanawe, akiuliza maswali. Cherehani ilinguruma, na wote walipaza sauti juu yake. Mwenye nyumba alisimama mlangoni.

"Mama, chumba hiki ni chako na huyu sasa?" aliuliza. "Kelele haikusumbui?"

"Kelele gani?" alisema mama yake, bila kugeuka. "Baba, ingia au utoke. Unamkatiza mwenzako, na alikuwa amefika penye dirisha."