Mama, Baba, Juu ya Debe

Nilipokuwa mtoto, Waingereza wakiwa bado wanatutawala, bibi yangu alinikataza jambo ambalo sijasikia likikatazwa kwingine: kupiga debe kwa mpango mbele ya nyani.

Shamba letu la mahindi lilikuwa kwenye mteremko juu ya Same, chini ya mwamba walikolala nyani. Shule ilipofungwa, mimi na Bibi tulililinda, pamoja na mbwa wetu, Polisi. Mimi nilikaa juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia, nikipiga debe kuwafukuza. Mahindi yale ndiyo yangekuwa makande yetu ya mwaka mzima.

Lakini mwalimu wa bendi ya shule alikuwa ameniahidi kigoma, nikapige mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, endapo ningeijua "mama, baba": mkono wa kulia mara mbili, wa kushoto mara mbili, polepole, kisha kwa kasi mpaka mapigo yaungane. Nikachonga vijiti, nikajifunzia kwenye debe lile lile.

"Piga ovyo!" Bibi alinikaripia. "Ukiyapanga mapigo hivyo watadhani umewaalika ngomani. Watashuka kucheza."

"Kwani nyani anajua ngoma, Bibi?"

"Kumshinda huyo mwalimu wako! Piga ovyo, we mtoto!"

Alipotazama, nilipiga ovyo. Alipoinama kupalilia, nilirudia mama, baba. Baada ya siku chache nyani waliacha kukimbia. Walikaa ukingoni mwa shamba, wakisikiliza.

Wakashuka mchana mmoja, kundi zima. Polisi aliwarukia, dume kubwa likampasua tumbo, akalia mara moja tu. Bibi alikuja na jembe, akateleza. Dume likamng'ata mkono, likamburuta kati ya mabua. Nilisikia mfupa ukivunjika.

"Usishuke!" alipiga kelele. "Kaa huko huko!"

Nilishuka. Nililipiga lile dume usoni kwa vijiti vyangu, kulia mara mbili, kushoto mara mbili, bila kukosea. Kijiti kimoja kilivunjika. Nikaendelea na kipande chenye ncha, mpaka jicho lake likapasuka, nalo dume likamwachia Bibi. Majirani waliosikia kelele wakaja, wakalimaliza kwa mapanga. Mimi niliendelea kupiga.

"Basi, mwanangu, limekufa!" jirani mmoja alisema, akinishika.

Mkono wa Bibi uliunga ukiwa umepinda, na mwaka ule tulikula vya kupewa. Chuo kikuu nilisoma kwamba mnyama huzoea sauti inayojirudia bila kumdhuru, akaacha kuiogopa. Kwa habari ya nyani, maelezo hayo yananitosha.

Kwa habari yangu hayatoshi. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nahofia hata kubisha hodi kwa watu. Mchana ule sikuhofu chochote. Jirani aliponishika nilimchukia, kwa kuwa alinikatisha.

Shule ilipofunguliwa sikwenda kukichukua kile kigoma. Bibi alidhani bado nawaogopa nyani. Nilimwacha aamini hivyo.