Nambozo na Mkwewe

Mlima ulipoporomoka, Nambozo alikuwa sokoni akiuza malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayoyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Tulisikia mngurumo, tukadhani ni radi. Kisha tukaona watu wanakimbia kupanda juu badala ya kushuka, na hapo ndipo tulipojua.

Nyumba yake haikuwepo. Palikuwa na matope tu, na mawe makubwa kama ng'ombe. Tulichimba kwa majembe na kwa mikono. Mumewe, Wandeba, tulimpata amekufa. Watoto wao wawili, Kuloba na Nabifo, hatujawapata hadi leo.

Aliyebaki naye ni mama mkwe wake, Khakasa, ambaye siku hiyo alikuwa kwa jirani akinywa busaa, pombe yetu ya nafaka. Serikali ilipotuhamishia tambarare, mbali, katika nchi ya watu wengine, wanawake hao wawili walipewa kibanda kimoja kando ya changu. Hawakusemezana. Nambozo alilala akiutazama ukuta. Khakasa alishinda mlangoni akinung'unika. Siku moja nilikuwa nawapelekea mboga, nikamkuta bibi kizee amechemka.

"Hilo soko lilikuwa na nini?" alimfokea mkaza mwana wake. "Mvua inamwagika, mume na watoto wako ndani, wewe huyoo, umekwenda kuuza malewa!"

Nambozo akageuka kutoka ukutani. Macho yalikuwa mekundu.

"Na hiyo busaa, mama, ilikuwa na nini?"

Nilidhani watashikana. Khakasa aliteleza kutoka kwenye kigoda mpaka chini.

"Ilikuwa tamu," alisema. "Nilikuwa nacheka, mwanangu. Wao wanakufa, mimi nacheka."

Nambozo alishuka kitandani akamkumbatia. Niliweka mboga chini nikaondoka, na kilio chao nilikisikia mpaka jua linazama.

Kesho yake Nambozo alichukua jembe. Mahindi yake ya kwanza yalikauka kwa jua, yakabaki mabua matupu. Akayang'oa, akapanda karanga.

"Hivi wewe huchoki?" nilimuuliza.

"Nachoka sana. Lakini nikikaa nawasikia wananiita. Nikilima nawasikia vilevile, ila angalau kitu kinaota."

Karanga zilikubali. Alizikaanga akawa anaziuza pale senta, penye maduka, na hapo ndipo Ocaya, fundi wa baiskeli, Mwacholi aliyefiwa na mkewe, alipoanza kununua karanga nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Mwishowe alikuja kuposa kwa Khakasa, maana huku Nambozo hakuwa na mzazi mwingine wa kuombwa.

"Kwenu mnatahiri?" Khakasa alimuuliza hata kabla hajaketi.

"Hapana, mama."

"Basi kwetu sisi wewe ni mvulana tu. Mvulana mwenye mvi!" Akanigeukia mimi. "Umeyaona haya? Tumeletewa mtoto, eti anataka kuoa."

Ocaya alicheka mpaka akakohoa. "Mvulana huyu anajua kulima, mama. Na haogopi wakwe wakali."

Alipoondoka, Nambozo alisema hataki. Wandeba angemwonaje? Khakasa akaacha utani papo hapo.

"Wandeba nimemzaa mimi, na mimi ndiye niliyemzika. Amekufa. Wewe hujafa. Usinifanye nikuzike na wewe ungali unapumua."

Siku ya harusi, Khakasa ndiye aliyempaka mafuta na kumfunga kitenge kama mama mzazi. Ocaya alimsihi ahamie kwao, akakataa. Walipokwisha kwenda, alikuja kukaa kwangu, akalia huku akilitaja jina la mwanawe.

Nambozo alikuwa akija kumwona kila jioni. Alipopata mimba, bibi alianza kusuka mkeka wa mtoto. Hakuumaliza. Homa ilimchukua wakati wa kiangazi. Alikuwa ameomba azikwe mlimani, karibu na Wandeba, lakini kule kulikuwa kumepigwa marufuku na serikali. Tulimzika tambarare, katika udongo usio na jiwe hata moja. Nambozo, tumbo likiwa kubwa, alisimama ukingoni mwa kaburi.

"Sasa nitamwita nani mama?" aliuliza.

Ocaya alimshika mkono, wakasimama hivyo mpaka sepetu zikanyamaza.

Msimu wa kupanda ulipofika, nilimkuta shambani peke yake, ameinama na jembe kwa shida.

"Pumzika, dada. Watu wataelewa."

"Wataelewa, ndiyo. Na huyu anayekuja atakula kuelewa kwao?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka. Hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa udongo, na jembe hakuliacha. Nilivua kandambili, nikachukua kikapu cha mbegu, nikamfuata nyuma nikipanda na kufukia.