Ndimu Haiondoi Sumu ya Kibua

Ninadai, na nitalitetea: ndimu huondoa harufu ya samaki, haiondoi sumu yake.

Asubuhi hii, Makorora, kwenye jiko la harusi ya binamu yangu, nilidondosha maji ya vibua kwenye karatasi yangu ya kipimo. Ina utomvu mkavu wa bakteria, bila bakteria hai. Ukikutana na histamini, sumu ya samaki aliyechacha, hutengeneza protini yenye rangi ya zambarau.

Baada ya saa moja, zambarau tupu!

"Mwanangu, karatasi nayo ina pua?" akauliza Bi Zuhura, mpishi mkuu.

Jiko zima likacheka.

Bi Zuhura akawakamulia vibua ndimu huku ute wa samaki ukimchuruzika viganjani, akanusa, akakaanga.

Ninaandika haya mtandaoni nikiwa bado na kinyaa. Histamini haiungui kwa mafuta, na wageni wanakula saa saba.

Bi Zuhura, shikamoo. Jibu hapa hadharani: sahani ya kwanza utaila wewe?