Kitambaa cha Mama Tekla kilichonirudisha Dar

Wakuu, wakubwa shikamooni, tuliolingana poleni na mihangaiko.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejipa mwisho mzuri, maana huu nilioupata umenichosha.

Mimi ni mtu wa IT, wa kujitegemea. Dar nilikuwa najiita consultant. Mbinga wakaniita fundi, na fundi kwetu ni yule anayetengeneza king'amuzi cha padri, simu ya shangazi na redio ya jirani, halafu anakaribishwa ugali. Sikulalamika. Nilikuwa nyumbani.

Nilirudi kwa sababu ya mama. Anakaa kijijini upande wa Litembo, peke yake, macho yanafifia, na njia ya kwenda kuchota maji ni mteremko mtupu. Kuhamia Dar hataki hata kusikia. Kila nikimgusia ananiuliza kahawa ya baba yako ataipogoa nani. Na mtoto aliyebaki ni mimi tu.

Kwa hiyo ama nipate kazi huku huku, ama mama abaki peke yake. Lishikeni hilo, ndilo lililokuwa linaniumiza kichwa muda wote.

Mungu si Athumani, kazi ikapatikana. Taasisi moja, jina kapuni, ilitaka vituo vyake vya afya vya mwambao wa Nyasa viachane na mafaili ya makaratasi. Wakanipa kituo kimoja cha majaribio, huko mbele ya Kihagara. Mwaka ukiisha salama, napewa vyote. Yaani kazi ya miaka, na wikiendi nalala kwa mama.

Nikafunga server pale mapokezi, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili yote, nikafunga kompyuta, nikafundisha watu. Siku ya uzinduzi kasisi akaibariki mashine, akinamama wakapiga vigelegele. Kisha akasimama Mama Tekla.

Mama Tekla ndiye mwenye mapokezi yake. Mtu mzima, amebakiza kidogo astaafu, anamjua kila mgonjwa na bibi yake mzaa mama. Alikuja na kitambaa alichokidarizi mwenyewe, kizito, kina bitana, maua mekundu pembeni na katikati maneno MUNGU ATUTUNZE. Akaivalisha server mpaka chini.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi.

Kwa wasiojua, kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio inafunikwa, TV inafunikwa, makochi yanafunikwa. Ukiingia nyumba ukakuta vitu havina vitambaa unajua hapa hakuna mama. Sasa server inavuta hewa mbele na kutoa joto nyuma. Ukiifunika unaibana pumzi, na joto la ziwani si la kitoto.

Nilikitoa, nikakikunja, nikakiweka mezani. Niliporudi mara nyingine nikakikuta kimefuliwa, kimepigwa pasi, kipo pale pale juu.

Nikajaribu kusema kwa adabu. Nikamwambia, "Mama, hii mashine inapenda hewa."

Alifurahi sana kwamba nimemwelekeza. Kuanzia hapo akawa anaacha dirisha wazi kutwa.

Wakuu, mnawajua wale wadudu wa ziwani? Wananyanyuka kutoka majini kama moshi, upepo ukiwaleta nchi kavu wanajaa mpaka kwenye mboga. Wakaingia mapokezi. Mama Tekla, kwa mapenzi yake yote, akatafuta kitambaa cha plastiki cha mezani, akaizungushia server barabara, kisha juu yake akarudisha cha maua.

Nilipofika nikaikuta imevaa kama bi harusi, inaguruma kama bodaboda iliyopakia magunia ya mahindi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilishavuta na pumzi. Akaniwahi na ugali wa muhogo na bakuli la usipa, dagaa wetu wa Nyasa, akaniambia kula kwanza mwanangu, njia imekuchosha. Sasa mtu kakunawisha mikono, unamwambiaje kwamba kitambaa chake kinaua?

Nikamwomba daktari wa kituo aseme yeye. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hathubutu, Mama Tekla ndiye aliyemlea tangu anaripoti kazini. Nikachukua ile plastiki nikaondoka nayo, cha maua nikakiacha, nikajipa moyo.

Najua mtaniuliza backup, yaani nakala ya akiba. Ilikuwa inatumwa Mbinga kwa mtandao, na mtandao wa kule unakuja ukijisikia, hakuna nakala iliyowahi kufika nzima. Diski ya pembeni niliiomba, nikaambiwa nisubiri bajeti.

Joto lilipokolea server ikafa. Diski nazo zikaenda nayo. Kliniki ya wajawazito, wagonjwa wa presha, chanjo za watoto, vyote. Nilipiga magoti mbele ya lile boksi kuanzia asubuhi na sikuokoa hata jina la mtu mmoja. Nje kuna mama mjamzito alikuwa anauliza mbona anaanza kuulizwa maswali upya kama mgeni. Niliona aibu hata kumtazama.

Tukaitwa kikao Mbinga mjini. Mratibu wa mradi, fundi mwingine kutoka Songea aliyeikagua mashine, daktari, mimi, na Mama Tekla na kitenge chake cha kutokea.

Fundi akasema mashine imekufa kwa joto, ilikosa hewa muda mrefu. Mratibu akasema atakayebainika ameiua atakwenda nyumbani, awe nani, na asitegemee huruma. Kisha akauliza ni nani alikuwa anaitunza.

Mama Tekla akaanza kunyanyuka. Uso umejaa fahari, wakuu. Alikuwa anakwenda kueleza alivyoitunza.

Nikamwahi. Nikasema, "Ni mimi. Niliifunga bila kuangalia hewa."

Basi. Mkataba ukaishia pale, na vile vituo vingine sikuvisikia tena.

Tulipotoka nje Mama Tekla akanishika mikono yote miwili. Akaniambia, "Usihuzunike mwanangu. Kila mtu hukosea. Mimi nimeshakusamehe."

Yaani mimi ndiye niliyesamehewa. Nikasema asante mama.

Nilipokwenda kumuaga mama yangu hakulia. Aliuliza tu kama msimu wa kahawa nitakuwepo. Nikasema nitakuwepo, na wote wawili tulijua nasema uongo.

Sasa nipo Dar, nafunga kamera kwenye maduka ya watu. Maji mama anachotewa na jirani, jirani akikumbuka. Nikipiga simu ananiambia yupo salama, na mimi nasikia jinsi anavyohema. Sina cha kufanya.

Juzi Mama Tekla kanipigia. Ana furaha, wameletewa server mpya, na fundi mpya mpole kama mimi. Akasema, "Yako ilikosa hewa, maskini. Hii tumeiweka karibu na dirisha. Na usiwe na wasiwasi, nimeifunika vizuri."

Kwenye simu, wakuu. Hata uso wake siuoni. Mdomo nikaufungua kabisa.

Nikasema, "Asante mama. Mungu akutunze."

Somo nililopata ni kwamba ukweli ukiuzungusha sana kwa adabu, unafika kwa mtu ukiwa umeshakuwa kitu kingine. Nimejifunza, na bado siwezi. Hilo ndilo linaloninyima amani.

Mtakaosema nimtafute yule fundi mpya, nilishamtafuta. Akaniambia, "Kaka, hicho kitambaa nimekiona. Ila huyu mama juzi kanipikia usipa."

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ungemwambiaje?