Hapana ya Kidole

Walimwita Kidole, na hakuna aliyewahi kusema jina limemwonea. Kila uchaguzi ulipofika, uwe wa rais, wa mbunge, hata ule wa kamati ya choo cha soko, fundi cherehani huyu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Baada ya hapo alishinda siku nzima na kidole chenye wino kimesimama mbele yake kama taa ya pikipiki. Mteja akija kupimwa gauni, alipimwa kidole kwanza.

"Lete mkono. Ah! Kidole safi! Mtu mzima, kidole safi kama cha mtoto wa juzi! Gauni lako njoo wiki ijayo."

Mume alishamkimbia zamani. Wabaya wa mtaa walisema alichoshwa na kampeni.

Kauli moja ilikuwa ikimtoa povu: "Kura yangu moja itafanya nini?" Jirani yake wa banda la pili, fundi redio, mvivu aliyekuwa hajapiga kura tangu azaliwe, aliitamka makusudi kila uchaguzi ili amsikie akiwaka. Na Kidole hakumnyima. "Wewe si mtu, wewe ni stuli. Stuli nayo haipigi kura. Imekaa tu, inasubiri makalio ya wenzake."

Watu walicheka. Wengine, ili wasiitwe stuli na wao, waliburura miguu mpaka kituoni. Mwanamke huyu mmoja alikuwa akitoa watu majumbani kuliko magari yote ya matangazo.

Kisha sheria ikabadilishwa. Waheshimiwa walichoka kuona masanduku matupu, wakatunga utaratibu wa kuwavuta wananchi: jambo kubwa la mtaa lisiamuliwe na baraza la mji, liamuliwe kwa kura ya Ndiyo au Hapana. Na kura hiyo isihesabike mpaka nusu ya waliojiandikisha wajitokeze. Wakipungua hapo, pendekezo linatupwa na halirudi. Walidhani wamewapa watu sababu ya kutoka nyumbani. Kumbe wamewapa sababu ya kubaki.

Jambo kubwa la kwanza likawa mabanda yenyewe ya kina Kidole. Wenye magari wa maghorofa mapya ng'ambo ya barabara walitaka yavunjwe, pawe maegesho.

Mchonga funguo, mwenyekiti wa mabanda, aliwaita wenzake akawapigia hesabu. "Wale wa ghorofani wametuzidi, lakini peke yao hawafiki nusu ya mtaa. Sasa sisi tukienda kupiga Hapana, tunawajazia idadi, halafu wanatushinda. Tukikaa nyumbani, nusu haifiki, maegesho yamekufa. Mmenielewa? Siku hiyo mtu asionekane hata kupita karibu na kituo."

Wote wakageuka kumtazama Kidole.

"Mnanitazama nini? Mimi mtoto?"

"Huyu niachieni mimi," akasema dada yake.

Banda alimoshonea Kidole lilikuwa la dada, aliachiwa na marehemu mumewe. Yeye alipiga pasi na kutia vifungo. Kidole alikaribishwa tu na cherehani yake siku alipoachika. Dada hakuwa na kingine duniani. Alikuwa na banda hilo, pasi ya mkaa na magoti mabovu.

Siku yenyewe ilipofika, dada aliweka kiti mlangoni akakalia njia. Kidole alishona sare za shule, na zilikuwa sare za kusikitisha: mkono wa shati aliuunga kwenye kola, akafumua, akauunga kwapani. Kila gari la matangazo lilipopita likihimiza wananchi wajitokeze, mguu wake uliruka juu ya pedali.

"Tulia, mdogo wangu," dada alisema. "Ni leo tu."

"Nimetulia. Nimekwambia nimesimama?"

Alasiri mkaa ukaisha kwenye pasi. Dada akazunguka nyuma ya banda kuupuliza mwingine. Hapo ndipo fundi redio alipochungulia, meno yote nje.

"Shikamoo, stuli."

Kidole akazidi kukanyaga pedali.

"Nimekuja kukukaribisha chamani. Masharti yetu mepesi, unakaa tu. Hebu lete mkono nione." Akauinamia mkono wake kama daktari. "Ah! Kidole safi!"

Mwanamke akainuka. Alijua hesabu ya mchonga funguo vizuri kabisa, hata kuliko waliompigia makofi. Lakini njia nzima, ushungi ameuvuta mpaka puani, alijifariji kwa maneno yaleyale aliyowatukania watu ujana wake wote: kura yangu moja itafanya nini?

Ushungi haukusaidia kitu. Mwendo ule, kidevu mbele na viwiko vikipiga makasia, mtaa mzima uliujua. Muuza ndala ndiye aliyeuona kwanza.

"Jamani, Kidole anakwenda kituoni!"

"Acha uongo."

"Yule pale! Basi mpango umebadilika. Dada yake angemwachia hivihivi?"

"Na sisi mbona hatujaambiwa?"

"Utaambiwa banda likiwa chini! Funga, twende!"

Kituoni Kidole alitia alama kwenye Hapana kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Akachovya kidole, akatoka, akakuta foleni. Muuza ndala, mshona viatu, mama wa chai na wanawe wakubwa, wateja aliowachelewesha magauni, wote wanahema, wote wanamchekea.

"Tumekuja, Kidole! Tungekuachaje peke yako?"

Alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha, rudini, na kituo kilikuwa karibu kufungwa. Lakini hajawahi kupata foleni ya kwake. Miaka yote aliwasukuma, wakaja wamenuna; leo wamekuja mbio, wamemfuata yeye. Akafunga mdomo, akainua kidole. Wakampigia vigelegele, wakaingia mmoja mmoja.

Matokeo yalitangazwa kesho yake kwa kipaza sauti. Nusu ilikuwa imevukwa kwa watu wachache, wachache kuliko foleni ile. Ndiyo ikashinda kwa mbali. Msimamizi aliwashukuru hasa ndugu zetu wa mabandani, ambao mwitikio wao wa dakika za mwisho umeokoa zoezi zima.

Tingatinga lilipokuja, dada alisimama barabarani ameikumbatia pasi.

"Lakini mimi nilipiga Hapana, dada yangu," Kidole akasema.

"Ungepiga usingizi."

Mchonga funguo alikuwa na nyumba uchochoroni, akawafungulia wenzake uwanja wa nyuma. Walibanana huko kama nguo sandukuni, lakini kila mmoja alipata pa kuweka kazi yake. Kidole alifika wa mwisho, cherehani kichwani, shingo imeingia mabegani. Kwenye kona ya dada kulibaki nafasi ya kutosha cherehani moja. Kila mtu aliiona.

"Na mimi je?" akauliza. Akamgeukia dada. "Dada, sema basi."

"Uwanja si wangu," dada akasema, macho kwenye suruali aliyokuwa akiinyoosha. "Waulize wenyewe. Si unapenda watu waulizwe?"

Mchonga funguo akakohoa. "Haya. Wanaotaka akae hapa, mikono juu."

Kuku akapita katikati yao akidonoa vipande vya nyuzi.

"Wasiotaka?"

Mikono ikapanda yote: muuza ndala, mshona viatu, mama wa chai na wanawe. Fundi redio alichelewa, kwa kuwa ilibidi aulizie kwanza ni mkono upi unaoinuliwa. Kidole, cherehani bado kichwani, hakumtazama hata mmoja wao. Alimtazama dada.

Dada alikuwa na pasi mkononi. Akaiweka kwanza juu ya kigae, taratibu, isije ikaunguza suruali ya mteja. Kisha akainua wake.