Ndoo ya Adelina

Watoto wa stesheni walimwita Mama Ndoo, na mimi nilishawachapa wawili kwa futi yangu ya ushonaji kwa sababu ya jina hilo. Jina lake ni Adelina. Tumekaa jirani hapa Bukene tangu tulipoolewa, yeye kwa mkulima wa mpunga, mimi kwa fundi nguo aliyekufa akaniachia cherehani. Namsimulia kwa sababu watu wanamsema, na wengi wanaomsema hawajawahi hata kunywa maji kwake.

Kabla ya ndoo, Adelina ndiye aliyekuwa mzika kondo wa mtaa wetu. Kwetu mwanamke akijifungua, kondo la nyuma halitupwi. Linarudishwa nyumbani, mama mtu mzima analifukia nyuma ya nyumba ya baba wa mtoto, na hapo mtoto anahesabiwa kuwa ana kwao. Kondo likipotea, wanasema uzazi wa mama nao umepotea. Adelina alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Alichimba kimya, akafukia, akanawa, akanywa uji aliopewa, akaondoka.

Basi wakaja watu wa utafiti. Walitaka kujua kwa nini wanawake wa huku wanapandwa na presha ya mimba mpaka wanaanguka kifafa, na kwa nini watoto wengine hawakui tumboni, wanazaliwa wadogo hata miezi ikiwa imetimia. Walisema jibu limo kwenye kondo, wakaomba wapewe makondo. Hakuna aliyegombana nao. Wanawake walikwenda tu kujifungulia kwa mama zao vijijini, na wodi ya kituo cha afya ikabaki na vitanda vitupu.

Kijana mmoja wa mradi, Nikolaus, alikuwa na akili ya kuuliza kondo huzikwa na nani. Akaja kwa Adelina, akaamkia, akakaa mkekani na suruali yake nzuri. Wakakubaliana kwamba kondo litapimwa uzito pale kituoni, vipande vidogo vikatwe vipelekwe Tabora kwenye boksi la barafu, na lililobaki Adelina alirudishe kwa wenyewe siku hiyo hiyo, kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, alizike kwa mkono wake. Wanawake wakarudi kituoni. Mtu asiniambie walirudi kwa sababu ya mabango ya mradi. Walirudi kwa sababu ya Adelina.

Kila aliporudisha ndoo aliketi na wenye nyumba akawaeleza alichosikia kituoni. Huku kwetu mjamzito akivimba miguu na uso, watu wanafurahi. Wanasema ni mapacha, mwili unatafuta nafasi ya wawili. Nyumba inayopata mapacha inaheshimika, na mama yao anaitwa Mama Kulwa mpaka anazeeka. Adelina alipita mlango kwa mlango akisema, "Uso kuvimba si pacha, mama. Ni presha. Nenda kapimwe mkojo." Wengine walimnunia. Kumwambia mtu hana mapacha ni kama kumnyang'anya kitu alichokwisha kukishika.

Mradi ulipofungwa, walituita shule ya msingi watupe majibu. Daktari wao alisema kondo la wagonjwa lina kasoro tangu mwanzo, mishipa haipitishi damu ya kutosha, mtoto anadumaa na mama anaugua. Mwanamke mmoja akauliza dawa ni ipi. Daktari akasema aspirini ndogo, ikianzwa mapema kwa maelekezo ya kliniki, huwakinga baadhi na wengine haiwakingi. Ugonjwa ukishapanda, kinachoumaliza ni kondo kutoka, na mtoto atatoka nalo, awe amekomaa au hajakomaa. Watu wakaguna. Mimi nilikasirika kuliko wote, maana nilikaa miaka yote ile nikisubiri nisikie kuna sindano. Walipanda magari yao, wakamwachia Adelina ndoo kama zawadi.

Adelina ana mtoto mmoja aliye hai, Minza. Aliolewa Igunga na Masolwa, kwa watu wa ng'ombe na pamba, watu wazuri tu. Mama yake Masolwa alizaa mapacha kabla yake, kwa hiyo naye ni Mama Kulwa. Minza alikaa muda bila kushika mimba, na aliposhika, Adelina alikuja mbio uzioni kwangu kuniambia, akacheka mpaka akalia.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, Mama Kulwa alipiga simu. "Mkwe, Mungu ametukumbuka. Mwanao amejaa mwili, viatu havimwingii. Ni wawili hawa."

Adelina akauliza, "Na tumbo likoje?"

"Tumbo dogo. Wamelala mgongo kwa mgongo, ndiyo maana halionekani."

Nilikuwa pale, simu ikiwa sauti ya juu. Nilimwona Adelina anakaa chini taratibu kwenye kizingiti. Kesho yake alipanda gari la Nzega, na Nzega akapanda basi la Igunga.

Sasa kwao akina Masolwa, mama wa mke hakanyagi nyumba ya mkwewe wa kiume. Ni heshima, na mtu akiivunja anamwaibisha binti yake kwa maisha. Adelina alikaa nje, upande wa jiko la Mama Kulwa, akamwita Minza kwa sauti. Minza akatoka akishika ukuta. Mashavu yalikuwa yamepanda mpaka macho yamekuwa madogo. Alisema kichwa kinamgonga tangu juzi na anaona vimulimuli mchana. Lakini alikuwa anatabasamu. "Mama, umesikia? Wawili."

Adelina alimwambia Mama Kulwa waende hospitali saa ile ile. Mama Kulwa hakukasirika. Alimletea maziwa, akamwambia Masolwa yuko machungani, arudi kwanza aamue, maana mke wa mtu hatolewi kwake na mama yake wakati mwenye mke hayupo. Akasema pia mbeba mapacha hasumbuliwi na barabara. Adelina akasema tena. Akajibiwa vile vile, kwa upole. Angemtia Minza kwenye pikipiki kwa nguvu, ingesemwa amekuja kuvunja ndoa. Aliniambia baadaye kwamba jioni ile alikuwa anahesabu heshima za watu wakati mwanawe anakufa. Mimi nikamwambia hakuna mama wa huku ambaye angefanya vingine. Ni kweli, na ukweli huo haujamsaidia kitu.

Asubuhi Minza alianguka, meno yakauma ulimi, akatetemeka. Ndipo Adelina alipoingia ndani ya nyumba ya mkwewe na viatu vyake miguuni, akamshika kichwa. Masolwa alirudi akakuta pikipiki imeshaondoka.

Hospitali walifanya walichoweza. Walimchoma dawa ya kuzuia kifafa, wakampasua. Akatoka mtoto wa kiume, mmoja, mdogo hata kwa miezi yake. Walimweka kwenye kanga iliyokunjwa mara nne na nafasi ikabaki. Alivuta pumzi mpaka adhuhuri, basi. Muuguzi akamletea Adelina kondo kwenye mfuko. Hakuhitaji mzani. Alisema lilikuwa jepesi kuliko yote aliyowahi kuyabeba.

Mama Kulwa aliufungua mfuko mbele ya watu wa korido nzima, akaangalia, akauliza, "Na la pili?"

"Ni mmoja, mkwe. Alikuwa mmoja tangu mwanzo."

Mama Kulwa akamtazama. Hakupiga kelele. "Wewe si ndiye unayebeba makondo ya wale watu wa utafiti?"

Tangu hapo Adelina hajapata jibu la kumtosha mtu yeyote Igunga. Mradi ulikuwa umeshafungwa, magari yalikwishaondoka, boksi la barafu lilishakuwa la kuwekea soda dukani kwa Fikiri. Nani atasikia hayo. Katika nyumba ile walikuwa wamengoja watoto wawili, majina yao yakiwa tayari, Kulwa na Doto, na aliyerudishwa alikuwa maiti mmoja.

Siku Minza alipopata fahamu, Adelina alikuwa kando ya kitanda. Alimweleza habari ya mtoto, polepole, akimpangusa midomo. Minza alilia. Kisha akauliza, "Na wa pili, mama?"

"Hakukuwa na wa pili, mwanangu."

Minza akageuza uso ukutani. "Hata mimi, mama? Hata wangu umewapa wale watu?"

Hajaongea naye tena. Simu anaikata. Ndoo Adelina aliitoboa chini, akapandia mchicha, na mchicha wenyewe hauli.

Mwezi uliopita tulisikia kwa wachuuzi wa mchele kwamba Minza ana mimba changa. Adelina hakulala. Aliyewahi kuugua hivi anaweza kuugua tena, hilo analijua kuliko anavyojua sala zake. Alikwenda kituo cha afya akamweleza muuguzi. Muuguzi akamwandikia Minza maneno machache ya kupeleka kliniki ya Igunga, wamwanzishie mapema ile aspirini ndogo na kumpima presha kila mara. Adelina akaitia karatasi kwenye kitambaa pamoja na doti ya kanga niliyoichagua mimi, akafunga fundo, akampa mchuuzi. Alirudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyekula. Nilifurahi kumwona hivyo, sifichi.

Jumamosi mchuuzi alirudi. Aliamkia, akasimama mlangoni bila kuingia, akautoa mzigo kwenye gunia. Alisema aliukabidhi mkononi mwa Minza mwenyewe, na Minza akamrudishia pale pale.

Adelina aliupokea akauweka mapajani. Mimi niliutazama kwa macho ya fundi. Fundo lilikuwa lile lile alilolifunga yeye.